Aliyemwingiza Asajile

Sogeeni karibu, maana kesi hii nawaachia ninyi.

Katika vilima vya Rungwe walikuwepo watu watatu. Gwakisa, mwinjilisti, alijaliwa kulieleza Neno hata mbishi akanyamaza. Bibi Tupokigwe alijaliwa moyo usioweka kinyongo. Kasyupa, mpasua mbao, alijaliwa nguvu. Mto uliowarudisha wenzake, yeye aliuvuka.

Wote watatu walifika nyumbani kwa Sekela siku mumewe, Asajile, alipozidiwa. Miaka miwili nyuma Asajile alilichoma kanisa kwa hasira ya ugomvi wa shamba na wazee wa kanisa, akatengwa. Sasa ugonjwa wa ini ulikuwa unammaliza. Hakuogopa kufa, aliogopa anakokwenda. Sekela, mwenye mimba ya miezi minane, alimshika mkono. Asajile akasema atakayemwingiza kwa Mungu ndiye atakayempa mtoto jina.

Gwakisa alikuja asubuhi. Akamweleza kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya ulimwengu mzima, na mchoma kanisa naye yumo ulimwenguni. Asajile akaamini. Ila hakuthubutu kuomba, kwa sababu kuna mtu aliyeunguzwa na moto ule.

Mtu huyo ni Bibi Tupokigwe, aliyeungua akiokoa vitabu vya nyimbo. Alikuja taratibu, akamwekea kichwani mkono uleule uliokunjwa na moto.

"Nilishakusamehe, baba," akasema. "Omba."

Asajile akaomba, machozi yakimtoka. Kisha akataka mchungaji ampokee tena kwenye meza ya Bwana.

Mchungaji alikuwa ng'ambo, na mto umefurika. Kasyupa akauingia. Maji yalimzoa mara mbili, lakini alirudi na mchungaji mgongoni. Asajile akapokelewa, akashiriki, akafariki saa saba mchana, uso umetulia.

Mtoto wa kiume akazaliwa, ubatizo ukapangwa Jumapili. Gwakisa akasema bila Neno Asajile asingeamini. Bibi Tupokigwe akasema bila msamaha asingethubutu. Kasyupa akasema bila yeye angefia nje ya kanisa.

Sekela akamwendea mchungaji kumuuliza ni nani kati yao. Naye akamjibu kwamba mto ungeweza kumzuia yeye mchungaji, lakini usingemzuia Mungu. Jibu hilo likamzidishia wasiwasi. Kama Mungu angempokea Asajile kwa vyovyote, hawa watatu walihangaikia nini?

Hata hivyo alikuwa ameelekea kumchagua Kasyupa, hadi Jumamosi mama mkwe wake alipomwita jikoni. Mwanawe mwingine, Lusekelo, alishiriki kuwasha moto ule, akafa ghafla kwa kuangukiwa na mti kabla mtu yeyote hajamfikia.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "ukisema fulani ndiye aliyemwingiza Asajile, Lusekelo wangu unamwacha wapi?"

Jumapili mchungaji akamchukua mtoto, akauliza nani anatoa jina. Watatu walikuwa wamesimama mbele. Mama mkwe alikuwa benchi la nyuma, amemkazia macho Sekela. Kanisa zima likasubiri.

Haya, ninyi mliosikia. Mngekuwa Sekela, mngemtaja nani? Au msingemtaja yeyote, na hao watatu mngewaambia nini?