Hatua Arobaini Kuvuka Ua

Wapendwa, leo nawapeleka mbali na hapa, hadi India, ndani ya msitu ambamo kuna hekalu la Wahindu. Naona baadhi yenu mmeshaanza kunikazia macho. Tulieni. Mtu akiwa na la kutufundisha tumsikilize kwanza, habari ya dini yake tumwachie Mungu.

Hekalu lenyewe ni dogo, la mawe meusi, na liko kando ya kijito kinachopita kati ya magenge mawili ya mwamba. Watu wa huko husimulia kwamba enzi za kale, kabla wafalme hawajakuwapo, miungu wawili waliozaliwa pacha waligombana mahali hapo. Mmoja akaupiga mlima kwa shoka, ukapasuka, wakabaki huyu upande huu na yule upande ule, wakinuniana miaka isiyo na hesabu. Mama yao akalia mpaka machozi yake yakawa kijito. Ndipo pacha wale wakashuka, kila mmoja genge lake, wakakutana majini. Basi mtu aliyekosana na nduguye huenda kuomba pale.

Sasa, kulikuwa na mfinyanzi mmoja. Tumwite Harilal. Huyu alikuwa hasemi na kaka yake, na chanzo kilikuwa msiba wa mama yao.

Mama aliugua miaka minne. Harilal, aliye mdogo, ndiye aliyemwosha, akamlisha na kumgeuza kitandani. Kaka yake alikuwa kazini mji wa mbali. Mama alipofariki, kaka akaja. Kwa mila zao maiti huchomwa, na anayewasha moto ni mtoto wa kwanza wa kiume. Kaka akashika mwenge. Harilal aliposogea ili naye aushike, akaambiwa mbele za watu, "Wewe kaa nyuma, mdogo wangu."

Ni hayo tu. Lakini ninyi mnajua neno la msibani linavyokaa moyoni.

Baada ya msiba kaka hakurudi tena mjini. Alihamia nyumba ya mama, ua ule ule alipokaa Harilal, mlango ukitazamana na mlango, kisima kikiwa katikati. Harilal akawaita mkewe na watoto akawaambia, "Jina la mtu yule nisilisikie humu ndani." Wakatii, naye mwenyewe hakutazama tena upande ule wa ua.

Hata hivyo alikuwa anaumia. Kila mwaka mvua zilipokatika, alitia kikapuni nazi, samli na shada la maua ya manjano, akashika njia ya hekaluni. Safari ya siku mbili, wapendwa, kwa miguu. Ruba walimng'ang'ania mapajani. Mwaka mmoja alishinda juu ya mti mchana kutwa kwa kumwogopa dubu. Je, huyu alikuwa mvivu wa ibada? Wangapi hapa tungefika hata nusu ya njia ile?

Alikwenda hivyo miaka minane. Mwaka wa tisa alikuta kuhani wa zamani ameshafariki, na mahali pake yupo mwingine, mtu wa miaka thelathini hivi, bado mgeni wa kazi. Na mgeni huuliza mambo ambayo mwenyeji ameyazoea.

"Ombi lako ni lipi, mzee wangu?"

"Naomba moyo wa kaka yangu ulainike. Huu ni mwaka wa tisa naomba hilo hilo."

"Pole. Anakaa nchi gani kaka yako?"

"Tunakaa ua mmoja."

Kuhani akadhani hakusikia vizuri. "Kutoka mlangoni kwako hadi kwake ni mbali kiasi gani?"

Harilal akafikiri kidogo. "Hatua arobaini."

Yule kuhani akakitazama kikapu. Kisha akakisukuma kikapu kwa upole, kikamrudia mwenyewe.

"Leo sitakupokelea," akasema.

"Nimetembea siku mbili," Harilal akajibu. "Nimevuka mto maji yakinifika kifuani. Wewe ni nani wa kunirudishia?"

"Mimi si mtu mkubwa, mzee wangu. Ila hadithi ya mahali hapa unaijua kuliko mimi. Wale pacha walishuka kwa miguu yao. Sijasikia kwamba walimtuma kuhani."

Harilal akaondoka na hasira. Siku ya kwanza njiani alimtukana yule kuhani kimoyomoyo. Siku ya pili hasira ikapoa, ikabaki aibu. Alipofika nyumbani, alasiri, hakuingia kwake. Alijua akiingia atakunywa maji, ataketi, na akishaketi hatainuka. Akakizunguka kisima, akaenda moja kwa moja hadi barazani kwa kaka yake.

Kaka alikuwa ameketi anamenya maharage ndani ya bakuli. Akainua uso.

"Nani?"

Harilal akaona anadhihakiwa. Nusura ageuke. "Humjui ndugu yako?"

Mikono ya kaka ikasimama. "Sauti naijua," akasema. "Uso wako sijauona, huu mwaka wa tatu. Sioni, mdogo wangu."

Hapo ndipo Harilal alipomtazama vizuri. Macho yale yalikuwa yamefunikwa na utando, meupe kama maziwa.

"Mbona sikuambiwa?"

"Wangekuambiaje? Uliwakataza wasinitaje. Mkeo anajua, ndiye anayenichotea maji. Watoto wako wanajua. Hapa kijijini asiyejua ulikuwa wewe."

Harilal akakaa chini, pale pale sakafuni. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Na wewe mbona hukuja kwangu?"

"Nilikuja mara mbili, nikaishia kisimani. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilitaka kukuambia kwamba mila ilinipa mimi mwenge, lakini mikono iliyomtunza mama ilikuwa yako, na nilipaswa kukuita tuushike wote wawili. Nikaona haya. Nikasema nitakwenda kesho. Kisha macho yakaondoka, na kisima kile hakina ukuta. Sikuthubutu tena kukikaribia."

Wapendwa, sikieni hapo. Miaka tisa Harilal alimngoja kaka yake avuke, na miaka mitatu ya mwisho alikuwa anamngoja mtu ambaye hawezi tena kuvuka. Mwenye macho ya kukiona kisima alikuwa mmoja tu, naye alikuwa safarini msituni, akiomba.

Ninaposema haya sisemi kuhusu Wahindu. Nasema kuhusu sisi. Sisi tunaojua kufunga siku tatu, tunaopanda mlimani kuomba, na simu ya kumpigia dada yetu inatushinda. Tunasema, "Yeye ndiye aliyekosa, na aje yeye." Unajua alivyo leo? Una hakika bado ana miguu ya kumleta kwako? Pengine amekwisha kutubu zamani, na kinachomzuia ni ugonjwa ambao wewe hukuambiwa, kwa sababu nyumbani kwako watu wanakuogopa.

Maombi ni mema. Lakini yapo mambo ambayo Mungu hatayafanya kwa niaba yetu, kwa kuwa ametupa miguu.

Sina la kuongeza. Mlango wa nyuma uko wazi, na mwenye mtu wa kumwendea anaweza kutoka sasa hivi, asingoje ibada iishe. Sisi tutakaobaki tutaimba polepole, na hakuna atakayegeuka kutazama ni nani ametoka.