Njia ya Mbuzi Chumbani kwa Sultani

Palikuwa na Sultani aliyependa mistari iliyonyooka kuliko watu. Siku moja aliwaita majumbe wa vijiji vyote, akawashibisha pilau, kisha Waziri wake akasoma mpango wa barabara kuu mbio mbio, kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Majumbe wakapiga makofi kwa adabu. Basi! Wakaletewa wino.

"Mmekula, mmesikia, mmepiga makofi," alisema Sultani. "Mmeshirikishwa. Asiyetia dole gumba, ujumbe hana."

Jumbe Siwatu wa Mkongeni, mfinyanzi asiye na mali ila ulimi, alichungulia ramani. Barabara ilipita juu ya kisima, na kijiji kizima kina kisima hicho kimoja tu! Eti kushirikishwa!

Hakubisha. Alitoka nje kidogo, walikofungwa mbuzi wa kijiji chake, akarudi na sahani ya visheti, akaomba ruhusa amsifu Maulana. Nani hukataa sifa? Siwatu akamwaga sifa, akamwaga tena, bila kuvuta pumzi. Sultani akatafuna, akasinzia. Ukumbi uliponyamaza alizinduka, akapiga makofi.

"Ahsante, Maulana. Basi njia ya mbuzi imepita."

"Njia gani?"

"Ya mbuzi wetu kwenda malishoni. Nimeisoma baada ya sifa ya tisa. Inakatiza chumbani kwako."

"Chumbani! Una wazimu, mwanamke?"

"Umekula, umesikia, umepiga makofi."

Majumbe wote wakashikwa na kikohozi.

"Hujawahi kutia mguu chumbani kwangu!" alifoka Sultani. "Utapangaje njia mahali usipopajua?"

"Ndilo nililotaka kumuuliza Bwana Waziri. Eti, Bwana Waziri, kisima chetu kiko upande gani wa kijiji?"

Waziri akaigeuza ramani huku na huku, akikitafuta.

"Kumbe kuna kisima?" Sultani akauliza.

"Kilikuwapo mpaka saa nne asubuhi, Maulana, kabla hamjatushirikisha."

Sultani akanyakua kalamu, akaipindisha barabara kando kabisa ya kisima, akagonga muhuri mpaka meza ikalia.

"Haya, kisima chenu kimepona! Na hiyo njia ya mbuzi nimeifuta. Umeridhika?"

"Nimeridhika sana, Maulana. Ila kuifuta kutachelewa kidogo. Sisi wa shamba hatupangi njia bila kufika. Askari wako wamewaingiza chumbani kwako wapimaji wetu sita wakidhani ni zawadi, na sasa hivi wanalipima godoro lako kwa meno."