Baba Aliyesikia Wimbo Kabla ya Kusoma Posa

Wapendwa, leo naingiza rap madhabahuni. Wazee wangu wa kanisa, mnivumilie.

Kulikuwa na baba mmoja, Mpare wa Usangi, na binti yake ndiye mboni ya jicho lake. Barua ya posa ikaletwa nyumbani. Kabla hajaisoma, akasema ngoja kwanza anyoe. Huko kinyozini redio ikapiga wimbo:

"Mpare kauza ng'ombe, kashinda kesi ya kuku;
yai likikata rufaa, atauza suti ya sikukuu."

Watu wakacheka. Kinyozi akasema, "Mzee, huyu anayeimba si ndiye anayemposa binti yako?"

Baba akainuka, nusu ya kichwa haijanyolewa. Ilimuuma sana. Amtoe mwanawe kwa mtu anayewacheka wakwe redioni?

"Mama Nakijwa, posa hii inarudi leo leo. Na huyo kijana nampeleka mahakamani."

Mkewe alikuwa anachambua maharage ya makande. "Yaani unakwenda kumtungia ubeti wa pili?"

"Katutukana."

"Barua umeisoma?"

"Ya nini? Wimbo nimeusikia."

"Mimi nimeisoma. Jina analojiita redioni ni la kazi tu, barua imetaja kwao. Kijana ni Mchaga wa Kibosho."

Baba akatafuta kiti. Mchaga! Mnajua wenyewe, Mpare na Mchaga ni watani, na mtani akikusema huna ruhusa ya kununa. Siku alipomzika baba yake, ni mtani Mchaga aliyewachekesha wafiwa mpaka wakakubali kula. Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mbona hukuniambia mapema? Nilitaka kumfukuza mtu wetu."

Sasa tumcheke baba wa watu, sivyo? Na sisi je? Neno likitugusa hapa, tunauliza limesema nini. Nani kati yetu huuliza, huyu anayenisema ni nani kwangu? Tunanuna, tunahama kanisa, tunasema mchungaji kapewa habari zetu. Ndugu yangu, asiyekutaka hana haja ya kukusema, atakuacha upotee na tabasamu lako. Mungu anakusema kwa sababu anakutaka. Wewe uliyetoka Jumapili iliyopita kabla ya baraka, nilikuona. Leo kaa.