Sahani Iliyofunikwa

Daktari mmoja alikuwa na ugonjwa ambao haukuwa wake. Ulikuwa wa watoto wa watu, tena wachache mno. Mtoto anazaliwa mzima, anatembea, anasema, halafu akifika mwaka wa tatu anaanza kusahau. Anasahau miguu kwanza, kisha maneno, mwisho anasahau kumeza. Nchi nzima walijulikana watoto kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuwa huku milimani kwetu. Wakubwa wake wa mjini walimwambia ashughulike na homa zinazoua maelfu. Yeye, Daktari Mbazi, akaja akapanga chumba nyuma ya duka la mbolea, akaweka hadubini yake mezani, akaanza kutafuta dawa ya watoto kumi na mmoja. Wengine walisema ana wito. Wengine walisema amekosa mke wa kumrudisha nyumbani. Yote mawili yalikuwa kweli.

Akapata matone. Lakini matone yale yalikuwa na masharti: yakiwa machache hayafanyi kitu, yakizidi yanasimamisha moyo. Kwa hiyo kila mwezi ilimbidi achukue damu kidogo ya kila mtoto, akaipime, ndipo aongeze tone moja. Na damu ile iliharibika barafu ikiyeyuka, na kutoka nyumba ya mwisho hadi kwenye hadubini yake ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Basi alikuja mbio na kisanduku chake cha barafu, akaondoka mbio.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nakiete, mwenye binti mmoja tu, Mkunde. Kila mwezi Nakiete alipika makande, akapakua, na kila mwezi daktari alisema, "Siku nyingine, mama," naye yuko mlangoni tayari. Nakiete akaifunika sahani. Kwetu mgeni akikataa chakula mara moja, ana haraka. Akikataa mara ya pili, ameshiba kwa jirani. Akikataa mara tano, watu wanaanza kutafuta sababu, na sababu ikitafutwa haikosi kupatikana.

Wakati huo Mkunde alikuwa ameanza kurudi. Mwezi wa tano wa matone alimeza uji bila kupaliwa, akamtazama mama yake, akamwita. Mwaka mzima alikuwa hajamwita. Nakiete alilia mpaka uji uliobaki ukapoa.

Wiki hiyohiyo, kwenye foleni ya bomba, mwanamke mmoja aitwaye Mama Kiondo alisema neno. Nalijua lilivyosemwa, neno kwa neno, msiniulize nimelijuaje. Alisema, "Jamani, mtu anakuja na sanduku tupu, anaondoka na sanduku lina damu, na makande yetu hali. Sasa huyo anakula nini?" Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga ndoo yake. Ulikuwa mzaha wa foleni ndefu, Mama Kiondo mwenyewe hakuuamini. Ila mzaha haukubaki bombani. Ulipanda mlima pamoja na ndoo za maji, na ulipofika juu haukuwa mzaha tena. Daktari alikuwa mumiani, anawanyonya watoto damu, anaiuza kwa chupa.

Mwezi uliofuata aliikuta milango yote minne imefungwa. Aligonga, aliita, mbwa tu ndio waliomjibu. Kuongeza tone bila kupima damu aliogopa kuua, na kuacha kabisa aliogopa kuua vilevile. Akawa anaweka kizingitini chupa ya matone yaleyale ya zamani, anaondoka. Nakiete aliyamwaga kwenye shina la mgomba. Mgomba haukufa, na hilo lingeweza kumfundisha kitu, lakini nani humsikiliza mgomba wakati majirani wanasema? Ikapita miezi minne.

Nakiete alipomwita daktari, alimwita kwa sababu Mkunde hakuweza kumeza hata mate yake. Daktari alikuja mbio, safari hii bila kisanduku. Alimsikiliza mtoto kifua muda mrefu, akamfunika vizuri, na Nakiete akaelewa. Hakumpigia kelele. Alimwambia, "Umechukua damu ya mwanangu mara tano, baba, na hujanywa hata maji yangu. Ningejuaje kwamba wewe ni mtu?"

Mezani palikuwa na sahani imefunikwa, maana Nakiete alikuwa amepika siku ile pia, kwa mazoea ya kungoja mgeni. Daktari aliifunua. Makande yalikuwa ya baridi. Akakaa kwenye mkeka karibu na mtoto, akala yote, akanywa na maji. Haikuchukua muda. Hata barafu isingeyeyuka.

Mkunde tulimzika Ijumaa.

Dawa ilikamilika miaka mitatu baadaye, kwa damu ya watoto wa mbali ambao majina yao hatuyajui. Mtoto wa kwanza kuinywa hapa kwetu alikuwa mjukuu wa Mama Kiondo, aliyekuwa ameanza kusahau miguu. Sasa ana miaka saba na anatuvunjia vyungu kwa kukimbia. Daktari naye siku hizi hula kila nyumba anayoingia. Amenenepa, na watu wanamsema kwa hilo pia.

Na pale bombani, mtoto yule akifika na kidumu chake, Nakiete huiondoa ndoo yake mwenyewe, hata kama amengoja tangu asubuhi, akampisha ateke kwanza. Hamtazami mtu. Mtoto huteka, akampelekea bibi yake.

Basi ninyi mnaochekeshana foleni ikiwa ndefu, niambieni: maji yale, huyo bibi anayamezaje?