Kivuli cha Gari la Samaki

Mzoea ngurumo hupitwa na kimya.

Mmelisikia neno hilo kwa wakubwa, mkacheka, sasa mnataka asili yake. Basi methali hii ilianzia hapa hapa Keko, na sikilizeni vizuri, maana mgongo wangu hauna nguvu ya kusimulia mara mbili.

Ninyi mmezaliwa mkakuta magari ya vyakula yanatumia umeme, yanapita kama paka. Zamani yalikunywa dizeli. La samaki likianza kukohoa kule mlimani, sufuria zilitetemeka huku. Dereva hakuwa na haja ya honi. Kwa hiyo mama lishe wa mtaa huu, watu wa kuamka alfajiri, walijiwekea desturi: ukishachambua mchele na kukuna nazi, unakaa, unafumba macho, sikio ndilo linalongoja.

Bingwa wa desturi hiyo alikuwa Bi Tausi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa miaka ya kusimama jikoni. Kiwanda cha magunia kikampa jaribio la Jumatatu moja: apikie watu sitini wali wa nazi na samaki, tayari saa saba. Wakipenda, angepewa jiko la kiwandani, lenye kiti na wasaidizi wawili. Kwa miguu ile, kiti kilikuwa nusu ya pepo.

Wiki nzima kabla yake kampuni ya samaki ilitangaza kwamba Jumatatu hiyo inaleta magari ya umeme.

"Waje hata na la maji," akasema Bi Tausi. "Mimi nitalisikia."

Siku ikafika. Akaipa barabara mgongo, akatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akafumba macho. Jua la saa nne lilikuwa kali. Mara kivuli kikamfunika.

"Alhamdulillah," akanong'ona, "wingu." Akalala fofofo.

Kilikuwa kivuli cha gari. Dereva alikuwa mgeni wa mtaa. Akashuka, akapiga hodi kwenye banda tupu, akamwona bibi anakoroma, akadhani ni mgonjwa anapunga upepo. Akangoja dakika kumi alizoagizwa, akaondoka na samaki wake.

Jua lilipomchoma tena, Bi Tausi akaamka, akaendelea kungoja. Saa sita muuza mihogo wa ng'ambo akavuka barabara.

"Shoga, wangoja nini?"

"Gari la samaki. Leo limechelewa."

"Limechelewa wapi? Si ulilala kwenye kivuli chake?"

"Lile lilikuwa wingu."

"Wingu lenye magurudumu sita, shoga yangu."

Bi Tausi akaitoa miguu yake kwenye beseni. "Na wewe uliniona, usiniamshe?"

"Nilidhani umeshapokea, ndiyo maana umelala."

Kiwandani ukaenda wali na mchuzi wa vitunguu. Jiko likapewa mwingine. Bi Tausi akasimama miaka minane zaidi, na kila alipokaa, kigoda kilielekea barabarani, macho wazi.

Mnauliza kama yule muuza mihogo alidhani kweli? Wajukuu zangu, siku ile watu sitini walitoka kiwandani na njaa zao, na mihogo yangu iliisha kabla ya saa nane.

Hakunigombeza hata siku moja. Nilipopita mbele ya banda lake aliniambia tu, bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, akinitazama mimi wala si barabara: mzoea ngurumo hupitwa na kimya.