Jina Moja Kwenye Kadi

Sogeeni, na mwenye haraka ya kuhukumu afunge mdomo mpaka nimalize.

Mombo, chini ya milima ya Usambara, palikuwa na marafiki watatu. Chiku alikuwa fundi injini mwenye sikio la ajabu: akiegemeza bisibisi kwenye injini na kutega sikio, ugonjwa unajitaja wenyewe. Shemdoe alikuwa fundi bodi, na kiganja chake kiliona kutu chini ya rangi. Kihiyo aliendesha malori ya kabichi, na hapakuwa na kona iliyowahi kumtisha.

Tangu utotoni Chiku alitaka kitu kimoja: gari la spoti, milango miwili, lililolala chini. Watu walimcheka wee, wakachoka. Yeye hakuchoka.

Siku moja Bi Anjelina, mjane wa Lushoto, akawaita. Marehemu mumewe aliacha magari mawili ya spoti, ya zamani, bandani Mombo.

"Chagueni moja, wanangu. La pili linakwenda kwa wanunua vyuma chakavu. Mkilifikisha mlangoni kwangu likitembea lenyewe, bila kuvutwa, ni lenu. Ila kadi ya umiliki itakuwa na jina moja. Mume wangu aliwahi kumiliki gari na rafikiye. Walinuniana mpaka kaburini."

Gari jeupe liling'aa na liliwaka mara moja. Jekundu lililaliwa na kuku, likakohoa tu.

"Jeupe!" wakasema Shemdoe na Kihiyo.

Chiku akatega masikio yote mawili. "Hili jeupe linaumwa tumboni. Lile lina njaa tu."

"Chiku, usituaibishe," wakamwambia.

"Nimesema jekundu."

Wakalichukua jekundu, wakinung'unika. Jeupe liliondoka na wanunuzi wake, na kabla halijafika lami injini ikapasuka. Chiku akasafisha kabureta ya jekundu, akatia petroli mpya, likanguruma.

Shemdoe akapitisha kiganja sakafuni, akafunua zulia. Chini ya zulia chuma kilikuwa kimeoza kama mkate uliolowa. "Mngempakia Kihiyo hapa, angebaki barabarani na kiti chake." Wiki tatu alikata na kuchomelea, macho mekundu, akakataa kupumzika.

Asubuhi ya safari Kihiyo akashika usukani, wenzake wakajibana pembeni yake. Katikati ya mlima waya wa klachi ukakatika. Kusimama ni kushindwa: mlimani bila klachi lisingeondoka tena, na kuvutwa kulikatazwa. "Kaeni kimya!" akafoka, akabadilisha gia bila klachi, kona baada ya kona, mpaka Lushoto.

Bi Anjelina alisikia mngurumo ule, akatoka akilia bila kujificha. Akaleta kadi na kalamu.

"Bila mkono wangu lingekatika vipande," akasema Shemdoe.

"Bila mguu wangu lingekuwa bondeni," akasema Kihiyo.

"Bila sikio langu," akasema Chiku, "mngekuwa na chuma chakavu cheupe."

Bi Anjelina akamkabidhi Chiku kalamu. "Macho yangu hayaoni mistari tena. Andika wewe, mwanangu. Andika haki, usiandike hamu."

Chiku akainama. Gari alilolitaka maisha yake yote lilikuwa nyuma yake, bado lina joto. Wenzake wawili walikuwa mbele yake, wakiitazama ncha ya kalamu.

Haya, nimemaliza, fungueni midomo. Ingekuwa kalamu imo mkononi mwako, na hamu hiyo imo moyoni mwako, wewe ungeandika jina la nani?