Mumunye la Bi Mkejina

"Alichekaye mumunye hajashuka dunguni."

Bi Zaituni aliyasema maneno hayo huku akipepeta mchele, bila hata kuinua macho. Wajukuu zake wawili walikuwa wanavunjika mbavu kwa kicheko. Binamu yao, mpimaji wa ardhi anayeshinda maporini na wanaume pasipo choo, alikuwa amenunua faneli ndogo ya plastiki ambayo mwanamke huitumia kwenda haja ndogo akiwa amesimama, bila kuvua nguo. Wasichana wakataka kujua methali hiyo imetoka wapi.

Bibi akaweka ungo chini. "Imezaliwa huku huku kwetu Rufiji," akasema. "Na chanzo chake ni hiki."

Zamani, kila mpunga ulipoanza kutoa masuke, watu walihamia bondeni kuamia mashamba, wafukuze ndege na nguruwe. Hawakulala chini. Walijenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo ndefu kuliko watu wawili, wakapanda kwa ngazi za miti. Katika dungu moja walikaa Somoe, bibi harusi wa miezi minne, na wifi yake Tausi, aliyekuwa na mimba kubwa. Waume zao walikuwa wamekwenda kukata boriti. Dungu lililowaelekea lilikuwa la Mzee Ngwande, baba yake Tausi na mkwe wa Somoe. La tatu lilikuwa la mjane mmoja mwenye magoti mabovu, Bi Mkejina.

Bi Mkejina hakuweza kupanda na kushuka kila haja ilipomshika. Kwa hiyo alichukua mumunye kavu, akaacha shingo yake ndefu yenye tundu nchani, akalikata tumbo mshazari na kuzilainisha kingo kwa jani la msasa. Alipobanwa aliliingiza chini ya kanga, akasimama ukingoni mwa dungu, na maji yakateremka kupitia shingoni hadi chini. Hakuna aliyeona kitu, ila wote walijua.

Somoe ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisimani alijitwisha ndoo, akatanua miguu na kuwaigizia wenzake. "Bibi kawa babu!" Bi Mkejina alimwambia tu: "Cheka, mwanangu. Meno ni yako."

Mwaka huo mto ulifurika kabla ya mavuno. Maji yakazunguka bonde lote, pakabaki kigongo kimoja cha ardhi, ndicho kilichobeba yale madungu matatu. Siku ya pili, asubuhi, mbuzi wa Mzee Ngwande aliyefungwa chini alilia mara moja tu. Walipochungulia, hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na kamba, damu na alama pana kwenye tope.

Mzee aliitazama ile alama kwa muda mrefu. Hakumtaja mwenye nayo kwa jina. "Yule bwana tuko naye hapa," akasema. "Maji yamemfungia kama sisi. Mtu asishuke."

Somoe alikuwa amebanwa tangu alfajiri. Alikaza mapaja, akajishughulisha na kusuka ukili wa mkeka, akaimba, mwisho hata kuimba kukamshinda. Sakafu ya dungu ndiyo waliyolalia, ndiyo waliyopikia, na upande pekee usio na ukuta ulitazamana na dungu la mkwe wake. Achutame pale, baba mkwe akimwona? Afadhali simba, alijisemea.

Mchana pakatulia kabisa. Yangeyange wanne weupe wakatua chini ya dungu.

"Ndege wametua," alimwambia Tausi. "Angekuwapo wasingetua."

"Somoe, usishuke."

"Hatua tatu tu. Nyuma ya nguzo."

Akashuka. Tope lilikuwa baridi. Alichutama nyuma ya nguzo, akafumba macho kwa nafuu aliyoipata, na alipoyafumbua yangeyange hawakuwapo. Hakuwasikia wakiruka. Upepo haukuwapo pia, lakini matete ya mbele yake yalikuwa yanainama, mahali pamoja tu, polepole, kama mtu anayepita kwa adabu. Harufu ya nyama iliyolala ikamfikia. Kisha akaona ncha nyeusi ya mkia, inacheza.

Aliiambia miguu iende, nayo ikabaki imezama topeni kama si yake. Kilichomwamsha ni ukelele wa Tausi kutoka juu. Akaurukia ule mti wa kwanza wa ngazi, wa pili, wa tatu, na hapo akahisi anavutwa kisigino. Hakusikia maumivu, alisikia joto tu. Mzee Ngwande alikuwa anagonga debe la kufukuzia ndege na kupayuka. Tausi, na tumbo lake lile, alikiinua chungu cha uji kutoka mafigani na kukimwaga chote chini. Mngurumo ukatikisa nguzo, na kisigino kikaachiwa. Wifi alimvuta Somoe kwa nywele na kwa kanga hadi juu, kisha wote wawili wakaivuta ngazi.

Nyama ya kisigino ilikuwa inaning'inia. Tausi aliifunga kwa kitambaa. Kupitia mianya ya sakafu waliuona mgongo wa yule bwana ukipita chini yao, ukienda na kurudi, na pumzi zake zikawafikia nyayoni. Baadaye akalala pale pale.

Jua lilipoinama, Tausi akaanza kutetemeka. Somoe alidhani ni woga.

"Wifi," Tausi akanong'ona, "mimba haina subira. Nimebanwa."

"Jikojolee hapo hapo."

"Tunapolala? Penye unga? Na baba yuko kule ananitazama?"

Mkono wake ukagusa ngazi. Tausi aliyeyaona yote yale, naye mkono wake ulikuwa kwenye ngazi! Somoe aliukamata kwa mikono yote miwili, akaung'ang'ania, na akasikia sauti yake mwenyewe ikipasuka:

"Bi Mkejina! Bi Mkejina! Lile mumunye lako hukatwaje?"

Alingoja kicheko, akijua anastahili. Mzee Ngwande alikuwa amesikia kila neno. Wakamsikia akiburuta mkeka wake, akikohoa kwa nguvu. Akawapa mgongo. "Leo mimi nautazama mto tu," akasema, kana kwamba hamwambii mtu.

Kisha sauti ya Bi Mkejina ikavuka, bila kicheko ndani yake. "Mnalo la kunywea maji?"

"Tunalo!"

"Likateni tumboni. Mshazari, si wima. Shingo msiiguse, tundu lake linatosha. Kingo zisugueni zisimkwaruze. Asimame, apanue miguu, alibane vizuri asiache mwanya. Na asifanye haraka, mwanangu. Haraka ndiyo humwaga."

Somoe akashika kisu, na mumunye likakatika. Tausi akasimama ukingoni, kanga yake ikiwa imemsitiri hadi kwenye vifundo vya miguu, na maji yakateremka. Chini, yule bwana akanguruma na kusogea kando. Tausi alilia machozi ya nafuu, na Somoe akalia pamoja naye.

Waliishi hivyo siku mbili zaidi. Maji yalipopungua, simba alivuka akaenda zake. Mwezi uliofuata Tausi akajifungua salama. Somoe alichechemea maisha yake yote.

Msimu mwingine ulipofika, maharusi wapya wawili walipanda dunguni kwake kumsalimu, wakaliona mumunye limetundikwa ukutani. Walipoambiwa kazi yake, walianguka kwa kicheko mpaka machozi yakawatoka. Somoe hakukasirika. Aliwangoja wamalize, akanyoosha mguu wake mbele yao wakaona kisigino kilivyo, akasema:

"Alichekaye mumunye hajashuka dunguni."